Ayubu Hakupewa Sababu

Jumapili moja mwaka wa 2021 nilimwendea mzee wa kanisa aliyekuwa akiongoza ibada, nikamwomba dakika tano za ushuhuda. Wakati huo baba alikuwa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, figo zote mbili zimekataa. Mimi nilikuwa nimeacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, kwa sababu pesa ya karo ilikuwa imegeuka nauli, dawa na chakula cha mgonjwa. Sikuwa na muujiza wowote wa kuripoti. Nilitaka tu kusema kwamba tumefika Jumapili nyingine na bado tunaomba.

Mzee alinisikiliza vizuri, akanishika bega. "Ngoja kwanza, kijana wangu," akasema. "Wacha Mungu amalize. Akimaliza utakuja utupe ushuhuda kamili."

Baba alifariki Novemba. Ushuhuda sikutoa, na hakuna aliyeniuliza.

Sina kinyongo na yule mzee. Alikuja matangani, akachanga, akabeba jeneza. Ila nimeyafikiria maneno yake kwa miaka sasa na nimeona kwamba hakuwa ananinyima nafasi. Alikuwa ananifundisha sheria za utanzu. Kama vile mwalimu wa fasihi anavyokuambia shairi la arudhi lazima liwe na vina na mizani, yeye aliniambia ushuhuda lazima uwe na mwisho, na mwisho wenyewe uwe mzuri.

Kwa sababu ushuhuda ni utanzu, bana. Shuleni tulikaririshwa hurafa, mighani na vitendawili, lakini fasihi simulizi ambayo Wakenya wengi wanaisikia kila wiki ni hii ya mtu kusimama mbele na kushika maiki. Ina mwanzo wake: "Bwana Yesu asifiwe," watu wanajibu "Amen," anarudia tena kwa sauti zaidi. Kisha shida: ugonjwa, deni, ndoa, kazi. Shida inapanda mpaka daktari amesema hapana na mwenye nyumba ameweka kufuli mlangoni. Halafu Mungu anaingia. Kisha kazi inapatikana, uvimbe unayeyuka, ufunguo wa gari unainuliwa juu watu wauone. Mwishoni kuna sentensi moja ambayo haikosi: "Sasa naelewa kwa nini Mungu alinipitisha pale."

Hiyo sentensi ndiyo nataka tuiangalie. Msemaji anadai kwamba shida ilikuwa na kusudi, na kwamba kusudi lenyewe sasa anaweza kulionyesha kwa kidole. Kulionyesha vipi? Kwa kile alichopata baadaye. Sasa, yule ambaye hajapata kitu baadaye afanye nini? Akae kimya kwenye benchi. Shida yake bado haina maana. Iko kwenye foleni, inasubiri.

Haikuwa hivi tangu zamani. Desturi ya kushuhudia hadharani wengi wetu tuliirithi kutoka kwa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka hadi Uganda na kwetu Kenya. Wale wazee wa uamsho walisimama mbele ya watu kuungama. Mtu alisema ameiba nini, amemchukia nani, kisha akatoka hapo akarudisha mali ya wenyewe. Waliita kutembea nuruni. Wakati wa vita vya Mau Mau baadhi yao walikataa kula kiapo kwa sababu ya imani, na wapo waliouawa kwa hilo. Ushuhuda wa mtu kama huyo haukuwa na gari mwishoni. Ulimgharimu, na waliomsikiliza walijua unamgharimu.

Siwatetei kupita kiasi. Kuungama hadharani nako kuna mateso yake, hasa kama kijiji chote kinakujua. Ninachosema ni kwamba utanzu umebadilika. Zamani swali lilikuwa "umefanya nini?" Leo swali ni "umepata nini?"

Na mtu akihitaji Maandiko ya kuutetea ushuhuda wa leo, huwa anakimbilia wapi? Kwa Ayubu. Ayubu alipoteza vyote, Ayubu akavumilia, Ayubu akarudishiwa maradufu. Amen? Amen. Nimesikia mahubiri hayo mara nyingi, na mara nyingi yanaruka kutoka sura ya 2 moja kwa moja hadi sura ya 42, kama mtu anayesoma riwaya kwa kufungua mwanzo na mwisho. Katikati kuna sura thelathini na tisa. Mwaka baba alipokufa nilizisoma zote, usiku, kwenye Biblia yake ya Union Version ambayo jalada lake lilishikwa na selotepu. Nilikuwa natafuta sababu. Nikakuta kitabu ambacho kimeandikwa, naona, kwa ajili ya kumkatalia mtu anayetafuta sababu.

Tuanze na marafiki. Elifazi, Bildadi na Sofari wanasikia habari, wanatoka makwao, wanamwona rafiki yao kwa mbali na hawamtambui. Wanalia. Wanakaa chini pamoja naye siku saba usiku na mchana, na hakuna anayesema neno. Ukiniuliza, hapo ndipo walipofanya kazi yao vizuri kuliko pengine pote katika kitabu. Ni matanga tunayoyajua: watu wanakuja, wanakaa, chai inapita, hakuna hotuba.

Shida inaanza wakifungua mdomo. Ayubu ndiye anayeanza, kweli, na anaanza kwa kuilaani siku aliyozaliwa. Hilo marafiki hawalivumilii. Elifazi anatoa maono aliyoyaona usiku. Bildadi anatoa mapokeo ya wahenga, na katikati ya mapokeo hayo anapendekeza kwamba watoto wa Ayubu huenda walikufa kwa makosa yao wenyewe. Hebu fikiria kumwambia hivyo mtu aliyezika watoto kumi. Sofari hana maono wala mapokeo, ana uhakika tu, na anamwambia Ayubu kwamba Mungu amempunguzia adhabu. Baadaye anatokea Elihu, kijana, ambaye amenyamaza kwa heshima ya umri na sasa anaona wazee wameshindwa, naye anaongea sura sita mfululizo.

Niliwatambua wote. Walikuwa wamepita kwetu. Yupo aliyekuja na maono kwamba kuna laana ya ukoo inayotakiwa kuvunjwa. Yupo aliyemuuliza mama, kwa upole kabisa, kama baba alikuwa anatoa fungu la kumi. Yupo aliyetuambia tushukuru kwa sababu kuna wenye hali mbaya zaidi. Na wa rika langu, kijana wa chuo, alinieleza kwa dakika arobaini kwamba Mungu alinitoa chuoni kwa sababu ana mpango na kipawa changu. Mimi nilikuwa nimetolewa chuoni na salio la karo.

Wote hawa walikuwa watu wema. Hata marafiki wa Ayubu walikuwa wema. Kosa lao ni la usomaji: wameshika matokeo, sasa wanarudi nyuma kutafuta chanzo kinacholingana nayo. Wanaamini kila taabu ni barua iliyoandikwa kwa mtu fulani, na kazi ni kuifungua na kuisoma. Ayubu mwenyewe anaamini hivyo mwanzoni, ndiyo maana anadai kesi isikilizwe. Anataka Mungu aje mahakamani na hati ya mashtaka.

Mungu anakuja. Anatoka katika upepo wa kisulisuli na kuongea kwa muda mrefu. Lakini anaongea kuhusu nini? Kuhusu bahari ilivyowekewa mipaka. Kuhusu mvua inayonyesha jangwani mahali pasipo na mtu. Kuhusu mbuzi wa majabali wanapozaa, kuhusu mbuni na mayai yake. Kuhusu Ayubu na watoto wake, hakuna. Sisi wasomaji tunajua tangu sura ya 1 kwamba kulikuwa na mazungumzo mbinguni, kwamba Shetani alileta shaka na Mungu akaruhusu. Ayubu haambiwi hayo hadi kitabu kinaisha. Na Shetani mwenyewe, baada ya sura ya 2, hatajwi tena.

Mwandishi chipukizi akinitumia hadithi ya namna hiyo nitamwambia amesahau kufunga fundo. Hapa sidhani kuna aliyesahau. Hebu jaribu kuandika ile sura inayokosekana. Mungu anamwambia Ayubu: ulikuwa mtihani, umefaulu, hongera. Watoto kumi wanageuka kuwa nini hapo? Karatasi ya mtihani. Sababu ingeiharibu hadithi kuliko kukosekana kwa sababu, kwa kuwa hakuna sababu unayoweza kuiweka kwenye mizani upande mmoja, na watoto kumi upande wa pili, ikasawazisha.

Sasa tufike sura ya 42, wanayoipenda wahubiri. Isome polepole, kwa mpangilio wake. Kwanza Mungu anawakasirikia marafiki. Anasema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa juu yake, wao hapana. Yaani yule aliyepiga kelele sura baada ya sura, aliyemshtaki Mungu mchana kweupe, ndiye aliyesema vizuri, na waliomtetea Mungu ndio wanaotakiwa kupeleka ng'ombe saba na kondoo saba wa kafara. Kama kuna mstari unaopaswa kubandikwa mahali maiki ya ushuhuda inapohifadhiwa, naona ni huo.

Pili, Ayubu anaambiwa awaombee marafiki hao, na anawaombea. Kitabu kinaweka mgeuko wa maisha yake hapo hapo, alipokuwa akiwaombea watu waliomuumiza. Tatu, ndugu zake wote na waliomjua zamani wanakuja nyumbani kwake, wanakula naye, wanamfariji, na kila mtu anampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Huo ni mchango, jamani! Ni harambee. Ng'ombe na ngamia wanahesabiwa katika mstari unaofuata. Sijui kwa nini hatuhubiriwi hilo. Labda kwa sababu baraka iliyopita mikononi mwa majirani haionekani kama muujiza wa kutosha.

Nne, hesabu. Kondoo walikuwa 7,000, wanakuwa 14,000. Ngamia 3,000 wanakuwa 6,000. Jozi za ng'ombe 500 zinakuwa 1,000, na punda vivyo hivyo. Watoto walikuwa kumi, wana saba na mabinti watatu. Wanaozaliwa baadaye ni wana saba na mabinti watatu. Kumi. Kuna mafundisho ya siku nyingi kwamba hawakuzidishwa kwa sababu wale wa kwanza bado wako hai kwa Mungu. Inawezekana. Mimi naona pia kwamba mwandishi alijua tofauti ya mbuzi na mtoto. Mifugo hurudishwa maradufu. Watu hawarudishwi.

Nikiri jambo moja. Hata baada ya kusoma hivyo, mwisho wa Ayubu bado unanisumbua. Mke wake, aliyesema mara moja tu katika sura ya 2 na kukaripiwa, hatajwi katika sura ya 42, ilhali naye alizika watoto walewale. Na mwisho wenyewe ni mwepesi kuliko uzito wa sura za katikati. Unatoa mlango kwa yeyote anayetaka kukimbia.

Ukiachana na Biblia, makanisa yetu yana simulizi nyingine ambayo huwa inakatwa vilevile, ile ya wimbo tunaouita "Ni Salama Rohoni Mwangu." Horatio Spafford, wakili wa Chicago, aliandika maneno yake ya Kiingereza baada ya msiba wa Novemba 1873, meli Ville du Havre ilipogongana na nyingine katika Atlantiki ikazama. Mabinti zake wanne walikufa maji, mkewe Anna akaokolewa. Miaka miwili kabla, moto mkubwa wa Chicago ulikuwa umemtia hasara. Kiongozi wa sifa huisimulia hadithi hii kwa sauti ya chini kabla ya ubeti wa kwanza, kisha kinanda kinaingia. Imekwisha. Maumivu, wimbo, amani.

Lakini Spafford hakuishia kwenye ule wimbo. Walipata watoto wengine, na mwaka wa 1880 mtoto wao wa kiume naye akafa kwa homa. Katika kanisa lao wapo walioona misiba hiyo ni adhabu. Elifazi yuko kila mahali. Spafford na Anna waliachana na kanisa hilo, na mwaka wa 1881 wakahamia Yerusalemu na kikundi cha marafiki, ambako jumuiya yao ilijulikana kwa kuhudumia maskini na wagonjwa wa jirani bila kujali dini. Nayo ilikuwa na migogoro yake, hawakuwa malaika. Horatio alifia huko mwaka wa 1888.

Ukijua hayo, wimbo unasikika tofauti. Kwanza unagundua hauelezi popote kwa nini meli ilizama. Hauna ile sentensi ya "sasa naelewa." Pili unagundua kwamba mwandishi wake alikuwa bado na msiba mwingine mbele, na kanisa la kukosana nalo. Alishuhudia kabla Mungu "hajamaliza." Yule mzee wangu angemwambia angoje.

Najua jibu linalokuja. Utaniambia, ndugu, lakini Biblia inasema mateso yana kusudi. Utanipeleka Yohana 9, na ni haki yako, kwa sababu hapo ndipo Yesu mwenyewe anaulizwa. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anakataa majibu yote mawili, kisha anasema habari ya kazi za Mungu kudhihirishwa. Lakini tazama anachofanya baada ya hapo. Hakai kueleza. Anatema mate, anafanya tope, anampaka, anamtuma akanawe. Swali la wanafunzi lilikuwa linatazama nyuma. Jibu la Yesu linatazama kazi iliyo mbele, na linaanza kwa kuchafua mikono. Na yule mtu akishashuhudia yaliyompata, malipo yake ni kufukuzwa katika sinagogi. Hakuna gari hapo pia.

Kwa hiyo sisemi kwamba taabu haina maana mbele za Mungu. Mimi bado naamini, kwa namna yangu ya kuchechemea. Ninasema kusudi na sababu ni vitu viwili, na ushuhuda wetu umevichanganya. Sababu inadai kujua kwa nini lilitokea. Kusudi linauliza, sasa kwa kuwa limetokea, Mungu na mimi tutafanya nini nalo? La kwanza Ayubu alinyimwa. La pili alipewa akiwa bado na majipu: waombee hawa.

Mtu aliyenifanya niandike haya ni mama. Yeye hasomi makala za uhakiki. Baada ya baba kufariki alikaa kama miezi minne bila kupita karibu na ile hospitali. Kisha Alhamisi moja akachemsha uji, akajaza thamosi mbili, akapanda matatu, akaenda pale nje ya wadi ya kusafisha damu, ambako watu walioleta wagonjwa hukaa kwenye mabenchi kuanzia saa kumi na moja asubuhi bila kitu tumboni. Amekuwa akienda tangu siku hiyo. Wakati mwingine anakosa unga na haendi. Hajawahi kusimama kanisani kulisema.

Nilimuuliza kama anaona ndilo kusudi la Mungu, kwamba baba aliugua ili yeye afike pale. Nilikuwa nataka jibu la kuwekea makala hii, nakubali. Mama alikuwa anaosha vikombe. Akasema, "Sijui, mwanangu. Kama Mungu alimchukua baba yako ili mimi nipeleke uji, hiyo bei ni kali sana. Mimi najua tu kwamba pale watu huwa na njaa."

Sijarudi chuoni. Salio bado liko palepale, na sina mwisho wa kuwapa. Ila kama wewe ndiye unayeshika ratiba ya ibada, nina ombi. Jumapili ijayo atakuja mtu mwenye mgonjwa nyumbani, hana muujiza, anataka dakika tano. Mpe maiki. Akimaliza asitokee mtu wa kumfafanulia. Mkae naye tu, kama wale watatu walivyokaa siku zile saba, na kapu la mchango lipite.